Lango la Shule Halifungwi Tena

Mwanangu,

Bati lililokuwa likivuja limezibwa, kuku anataga, na binti yako kachaguliwa kiranja mkuu. Nimecheka mpaka nikakohoa: huyu huyu anayemkimbia jogoo!

Shuleni kwao kiranja mpya husimama mstarini asubuhi na kuomba jambo moja kwa niaba ya wenzake. Wa mwaka jana aliomba mpira. Wako kaomba lango lisifungwe kengele ikishalia.

"Kwa nini?" akaulizwa na mwalimu mkuu.

"Si wote wanaochelewa ni wavivu, mwalimu. Wengine tunamwogesha bibi kwanza, tunamlisha, ndipo tunakuja."

Mwalimu wake wa darasa alikuja kunisimulia. Nikageukia ukutani, maana kugeuka bado naweza.

Ndiyo, nilikuambia miguu inauma kidogo tu. Usimgombeze mtoto, hakukusudia kunisema.

Lango sasa wanaliacha wazi. Jana akinifuta mgongo nikamtania: ungepewa nafasi ya kuomba jambo la pili, ungeomba nini?

Akakamua kitambaa kwanza.

"La pili si la kumwomba mwalimu, bibi."

Njoo, mwanangu.

Mama yako