Hamad Wawili, Faili Moja

Kingsbury, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuwena,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Natumai waraka huu unakukuta mzima, chai umeshakunywa, na umekaa barazani upande wenye mwanga. Macho yanaendeleaje? Mwanangu Ali aliponambia kuwa siku hizi mgeni unamjua kwa mwendo wake na si kwa sura, niliuliza bei ya tiketi siku ile ile. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ukiitoa baridi na ukiyatoa haya nitakayokueleza. Mwanaidi, wewe unayemsomea bibi yako, soma polepole, na ukifika penye kosa langu usipunguze sauti.

Dada, hatuji.

Nimeliandika mapema ili usilingoje mpaka ukurasa wa pili. Yule beberu uliyemfunga kwa ajili yetu mfungulieni kamba.

Sharti la daktari wa moyo unalikumbuka. Mtoto wa Ali alipozibwa lile tundu la moyo akiwa mchanga, tuliambiwa asisafirishwe mbali mpaka achanjwe korona, sindano mbili, kwani kifua chake kikishikwa, moyo ndio utakaoelemewa. Wakati huo chanjo ya watoto wadogo namna ile haikuwapo. Tukangoja. Mwisho wakubwa wa dawa wakatangaza kuwa wameiidhinisha, kuanzia mtoto wa miezi sita, na Rukia mkwe wangu akapiga kigelegele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe kuidhinisha ni jambo moja na kutoa ni jingine. Wakakaa wakubwa wengine, wa kushauri, wakasema sawa, lakini wapewe wenye maradhi tu. Nchi hii mlango hufunguliwa na mtu mmoja, na mwengine huwekwa pembeni akuulize unaingia kufanya nini.

Sikuwa na ugomvi na hilo, sisi tumo kwenye orodha. Yule Mhindi wa duka la mboga hapa barabarani, mzaliwa wa Tanga, alinambia huku ananipimia bamia, "Bwana Hamad, wajukuu zangu wamekataliwa, wazima mno. Wako ana bahati."

"Bahati ya moyo wenye kiraka," nikamwambia.

"Basi si ndiyo bahati ya huku? Uwe mgonjwa, na uwe na karatasi."

Karatasi tulikuwa nayo. Sasa sikiliza palipoharibika, na hapa lawama inakugusa na wewe kidogo.

Alipozaliwa mtoto, Ali alitaka kumwita Ilyas. Nani alipiga simu kutoka Wete akasema mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake, na asiyetaka asimwite tena shangazi? Simtaji mtu. Basi mie ni Hamad Ali Hamad, mwanangu ni Ali Hamad Ali, na mjukuu wangu ni Hamad Ali Hamad. Kwetu hiyo ni heshima, nami somo yangu huyu nampenda kuliko nilivyowahi kujipenda mwenyewe. Lakini pale kituo cha afya cha mtaani, watu wawili wenye jina moja, nyumba moja na daktari mmoja ni kosa la uchapaji. Mtu fulani ofisini akaliona hilo kosa na, kwa bidii yake, akalisahihisha. Faili mbili akazifanya moja.

Hayo niliyajua baadaye. Kwanza ilikuja barua. Sifa yangu huku unaijua. Skuli niliishia njiani, lakini barua ya serikali naijua kwa kuishika bahasha tu. Watu wetu huniletea zao, za nyumba, za kodi, za uhamiaji, nawafasiria, wanatoka wanasema bwana huyu ni mwanasheria aliyepotea njia. Basi ikaja bahasha ya kituo cha afya, juu yake jina langu. Nikasema hawa wanautaka mkono wangu tena, nimeshachomwa hata nakaribia kuvuja. Nikaitupa kwenye pipa la karatasi bila ya kuifungua.

Ilikuwa ya mtoto. Rudia hapo, Mwanaidi. Ilikuwa ya mtoto.

Wiki zikapita. Rukia kila asubuhi anapiga simu, anawekewa muziki. Siku aliyojibiwa akaambiwa Hamad aliitwa hakutokea, na hata hivyo hana haja, kwani ameshachanjwa. Nikamtia mtoto kwenye gari lake la kusukuma, tukaenda wenyewe.

Yule dada wa mapokezi ni mpole, na upole wake ndio ulionizidishia hasira.

"Hamad ameshachanjwa mara tano," akasema, macho kwenye kompyuta.

"Ana miaka miwili na nusu. Mara tano kazipata wapi?"

"Naona pia anameza dawa za presha."

"Hizo zangu."

"Wewe ni nani?"

"Hamad Ali Hamad."

"Na huyu mtoto?"

Huyu mtoto kila nikimsemesha Kiswahili hunielewa vizuri na kunijibu Kiingereza. Siku hiyo akainua mkono, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mimi Hamad!"

Dada wa mapokezi akatutazama mmoja mmoja. "Kwa nini ukampa mtoto jina lako zima?"

"Sikumpa mie. Alimpa dada yangu."

"Dada yako anaweza kuthibitisha kwa maandishi?"

Nikamwambia dada yangu hata maandishi makubwa hayaoni tena, na haraka yangu yote inatoka hapo. Akanisikitikia. Akanipa fomu.

Miaka yangu yote huku nimejaza fomu za kuthibitisha kuwa ni hai, kuwa ni maskini, kuwa ukuta wangu unatoa unyevu. Hii ni mara ya kwanza kutia saini kwamba mie si mjukuu wangu. Wakataka na picha, ya kila mmoja mbali.

Kututenganisha kukachukua wiki sita. Walipomaliza, msimu wa chanjo ya wadogo umefungwa. Dawa ipo, imekaa kwenye jokofu, msimu ndio uliokwisha. Daktari wa moyo amekasirika kuliko mie, anaandika huku na huku kuomba mtoto afikiriwe peke yake. Lakini sharti lake hakuliondoa, nami simlaumu.

Habari ya bahasha nilimweleza Rukia siku ile ile tuliyotoka kituoni. Nilidhani atanipigia kelele. Alikuwa akikunja nguo za mtoto, fulana moja akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Baba," akasema, "watu wote wa huku wanakuletea wewe barua zao." Tangu hapo kila kinachopita mlangoni nakifungua, hata matangazo ya mazulia.

Ali alitaka tuje hivyo hivyo. "Macho ya shangazi hayangoji msimu," alinambia. Alisema kweli, na nikamkatalia. Nataka umwone mtoto, Dada, lakini nataka arudi huku anapumua. Ukinikasirikia una haki. Kasirika, kisha utuombee.

Kwenye simu ya picha unasema unaona ukungu unaosema. Kwa hivyo geuza karatasi ya mwisho. Nimeulaza mkono wa mtoto juu ya karatasi, nikauzungushia kalamu kwa nguvu, mara nne, mpaka upande wa nyuma umetuna. Upapase kwa kidole. Kidole gumba kimetoka kirefu kwa sababu alitikisika akicheka, usije ukadhani ana kasoro nyengine.

Nisalimie mwalimu wa chuo cha Kurani, na jirani anayekuchotea maji, na mke mwenzio wa zamani ambaye sasa mmekuwa ndugu. Na yule fundi aliyeshona kanzu ya mtoto, mwambie aifungue upindo aiongeze. Atakapokuja itakuwa fupi.

Mdogo wako,
Hamad Ali Hamad,
yule anayemeza dawa za presha