Kina cha Vidole Viwili

Jumatatu, 1 Machi 1954. Kibomet.
Debe la nne tayari. Udongo wa msituni na mchanga wa mto, nimechekecha mara mbili. Mbegu za maua ya salvia nimezitawanya juu tu, nikazigandamiza kwa kiganja. Sikuzifukia. Hazioti gizani. Pumzi ilinikatika mara tatu. Daktari anasema moyo umechoka. Mikono bado mizuri.

Alhamisi, 4 Machi
Wafula kaja na habari. Ni jirani yangu, na tulitahiriwa mwaka mmoja. Mwanawe amemjengea nyumba Bungoma. Ataondoka kwa basi Jumatatu, tarehe 15. Alisimama mbele ya madebe yangu. "Mwalimu, haya madebe yako yananicheka. Mimi mkono wangu ni wa kuzika tu, bana."

Alicheka. Mimi sikuweza. Tangu mkewe afariki anaamini hivyo kweli. Hata kitunguu hapandi tena.

Jumapili, 7 Machi
Niandike sasa, kabla moyo haujasimama. Miaka sita iliyopita Wafula aliniomba mbegu na maelekezo. Mbegu nilimpa nzuri. Kisha nikamwambia azifukie vidole viwili, kama mahindi. Nilijua. Haikuota hata moja. Kila mwaka alirudi kuuliza, na kila mwaka nilimjibu vilevile. Mkulima wa mahindi atashukuje vidole viwili?

Kwa nini? Mahindi yake yalinishinda. Ng'ombe wake pia. Ana watoto tisa, mimi sina. Lakini watu walisimama njiani kutazama salvia zangu. Zangu tu. Wivu. Sina jina lingine.

Jumatano, 10 Machi
Zimechungulia! Vichwa vya kijani, kama ncha za sindano. Furaha ya kitoto, umri huu. Nikamwita Wafula nimwambie yote. Nikazungumzia mvua. Mwoga.

Jumamosi, 13 Machi
Nimemwambia. Aliweka kikombe chini.
"Vidole viwili?"
"Ndiyo."
"Na wewe ni shemasi?"
"Ni shemasi."
"Ati miaka sita nazifanyia mazishi, na wewe unakuja kunipa pole!"
Akainuka bila kumaliza chai. Mlangoni akageuka. "Lete mbegu, mwongo wewe."

Nikampa mfuko mzima, na maneno ya kweli safari hii. Juu tu. Maji ya kunyunyiza, si ya kumwaga. Majani yakifika jozi tatu, kata ncha, mche utanawiri. Alisikiliza akitazama ukuta. Hakuaga.

Jumatatu, 15 Machi
Nilikaa barabarani tangu alfajiri. Basi likapita. Niliona kofia yake dirishani. Hakugeuka. Ni haki yake. Inauma hata hivyo.

Jumapili, 21 Machi
Sikuweza kwenda kanisani. Miguu imevimba. Miche yangu ni mizuri mno, nami sitaki kuitazama. Mbegu zake zikikataa kuota, ataamini ni mkono wake mpaka kaburini. Na mimi ndiye niliyemfundisha kuamini hivyo.

Ijumaa, 2 Aprili
Barua kutoka Bungoma. Mwandiko wa Wafula mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nainakili hapa yote:

"Zimeota. Nimehesabu mpaka nikachoka. Jana nimepanda na vitunguu. Wewe bado sijakusamehe. Usife kwanza."

Nimeisoma mara nne. Kisha nikaomba uji, nikamaliza bakuli zima.