Hadija Hakuharibu Kamba

Maparoni, kambi ya uvuvi wa kamba

Kwako mdogo wangu Mwajuma, mama Saidi,

Weka jembe chini, ukae, ndipo usomewe. Mimi mzima wa mwili, nakula, nalala, na uzi bado nautia kwenye sindano bila kuita mtu. Sijui ninyi huko Bungu. Goti lako limepungua uvimbe? Nasikia kwa watu, si kwako, kwamba hospitali ya Mchukwi hujaenda, unajipaka mafuta ya nyonyo na kulalamika kwa majirani. Nenda ukaonyeshe goti, majirani hawana dawa. Na mjukuu wangu Pili anakwenda shule, au umemweka barabarani auzie wasafiri maandazi? Nijibu kweli, usinifiche kama ulivyonificha mwaka ule alipougua surua. Nguruwe wamewaachia mihogo yoyote? Niliwaambia mzungushie uzio mapema, mkanicheka.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Unajua mimi ni wa kisomo cha ngumbaro, herufi zangu nyingine zimelala na nyingine zimesimama, lakini sikutaka mtu aniandikie. Anayeandika anasikia, na akishasikia anakwenda kusema kisimani.

Uliniuliza juu ya Hadija. Umesema wazee wa yule kijana anayetaka kumwoa wamesimamisha posa, kwa kuwa wamesikia aliondolewa huku kwa uchafu, akaharibu kamba wa tajiri. Umesema wanangoja neno langu, maana nilikuwa naye kazini, na mimi Bi Siwema nikisema jambo limesemwa. Haya, neno langu ni hili. Hadija hakuharibu kamba. Niliyeharibu ni mimi. Tena nilijua kwamba si yeye, nikanyamaza akaondoka na jina bovu. Usianze kulia, sikiliza yalivyokuwa.

Unakumbuka zamani kamba tulikuwa tunawaanika kwenye jamvi, wakikauka wanapelekwa kuuzwa Ikwiriri, mambo yamekwisha. Tangu kila kitu kiwe ruksa, wamekuja matajiri na maboti ya mashine, wanawataka wabichi, wapakiwe na barafu kwenye makasha, wavushwe Nyamisati, wapande lori hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo wanakwenda kuliwa nchi za watu. Barafu yenyewe inaletwa kwenye magunia, imefukiwa kwa unga wa mbao isiyeyuke. Kazi yetu wanawake ni kuchambua na kupakia. Tuna meza mbili. Moja yangu, na wanaokaa pale karibu wote nimewacheza unyago mimi. Wananiita somo, nikisema keti wanaketi. Ya pili alipewa Hadija asimamie, mtoto wa juzi, eti kwa kuwa ana darasa la saba na mikono myepesi. Sikupenda. Wewe ndiye uliyemleta, ukaniambia nimtazame kama mwanangu, na kila nikifika hapo kalamu inakuwa nzito.

Basi ikawa kamba wetu wakifika Dar es Salaam vichwa vimekuwa vyeusi, nyama imelegea. Nusu ya makasha yanakataliwa. Tajiri akasema ikiendelea hivi anaihamisha kambi. Akatuletea msimamizi, mwanamke kijana anaitwa Rehema, anavaa suruali chini ya gauni kwa kuogopa mbu. Siku ya kwanza tu akachora duara kwa chaki kwenye mlango wa stoo, akaligawa mara nne kama mkate wa kumimina. Panga, fanya, kagua, rekebisha. Ukimaliza unazunguka tena kutoka mwanzo. Na kabla ya kupanga unauliza kwa nini, ukijibiwa unauliza tena kwa nini, mpaka mara tano. Mimi nikawaambia wenzangu, huyu binti kwao hakufundwa, mtu mzima akishakujibu unamwuliza tena? Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilipenda wakicheka.

Rehema alisikia, hakukasirika. Alisema, "Bibi, duara hili halimtafuti mtu. Linatafuta kosa lililo kwenye kazi." Ningelishika hilo, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Tukapanga hivi. Kila meza ijaze ndoo moja ya kamba kwa barafu, kwa namna ile ile inavyojaza makasha. Ndoo ya meza yangu ikafungwa kitambaa chekundu, ya Hadija cheupe. Zikae mpaka kesho yake alasiri, zifunguliwe, weusi wahesabiwe, alama zitiwe mlangoni. Wa kuhesabu na kutia alama alikuwa Mariamu, kwa sababu anajua kuandika. Mariamu ni mwali wangu, nilimfunda na kumtoa mimi mwenyewe. Siku ya kufungua, Rehema alikuwa amekwenda Nyamisati kupokea barafu.

Mariamu akaanza na ndoo ya kitambaa chekundu. Harufu ikatoka kabla ya mkono kuingia. Akafungua ya kitambaa cheupe, kamba wakawa safi, unaweza kuwapikia mgeni. Akasimama na chaki, akanitazama. Mwali hamwaibishi somo wake mbele za watu, hilo unalijua, wewe nawe ulikuwa na wako. Ilikuwa zamu yangu kusema, ndiyo, hiyo mbovu ni yangu, andika. Nilichosema ni, "Mariamu, angalia vizuri." Basi. Sikusema uongo, ndivyo nilivyojidanganya. Akavifungua vitambaa vyote viwili akaviweka kando, akatia alama za weusi upande wa Hadija. Wanawake wote waliona. Wote wakatazama miguu yao.

Hadija peke yake ndiye aliyesema. "Bibi, ndoo yangu ni ile ya kitambaa cheupe." Alisema polepole, hakunivunjia heshima hata kidogo.

Nikamwambia, "Una umri gani wewe wa kunikosoa mimi? Mama yako anakuzaa, mimi nimeshaota mvi."

"Sikukosoi, bibi. Nasema ndoo."

Nikampa mgongo.

Rehema aliporudi akazisoma alama, hakumgombeza Hadija. Alitaka tu meza ile ifundishwe upya kupakia. Ni mimi niliyesema mtu mchafu hafundishiki. Wanawake wangu wakaacha kula naye sahani moja, wakaacha kumwitikia salamu, kwa kuwa waliniona mimi siitikii. Siku ya nne akafunga nguo zake kwenye kanga. Alikuja kuniaga, Mwajuma. Alipiga goti mlangoni kwangu kama mtoto aliyelelewa. Sikuinuka, nikaendelea kuchambua mchele. Na yale maneno yaliyofika Bungu yana mwenyewe. Nilimwambia mwenye boti, nikijua fika mdomo wake ulivyo.

Meza ya Hadija ikawekwa chini yangu. Nikawafundisha wale wengine wapakie kama ninavyopakia mimi. Makasha yaliyofuata hayakukataliwa nusu, yalikataliwa yote.

Hapo Rehema akarudi kwenye duara lake, akalianza upya. Safari hii hakumtuma mtu. Alivuta kigoda akakaa mezani kwangu tangu mtumbwi wa kwanza ulipoleta kamba, akawa anatia mkono kwenye kasha. Halafu akauliza, "Bibi, kwa nini barafu yote iko chini?"

Nikamjibu, kwa sababu chungu kinapikwa kwa moto wa chini, sijaona mtu anayewasha kuni juu ya mfuniko. Akauliza kwa nini nafanya baridi iwe kama moto. Nikasema ndivyo nilivyoona inafaa. Akauliza kwa nini ilifaa. Nikasema hakuna aliyewahi kuniambia vingine. Akauliza kwa nini hawakuniambia. Nikasema mimi ndiye mkubwa wao, nani aniambie? Ya tano aliiuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe kwa nini hukumuuliza mtu?"

Akanishika mkono, akautia katikati ya kasha langu kwa juu. Kamba wa chini walikuwa baridi. Wa juu walikuwa na joto kama maji ya kunawia mgeni. Baridi inashuka, mdogo wangu, haipandi. Umri wangu huu wote, sikujua. Hadija alijua. Yeye alikuwa anaweka barafu, kamba, barafu, kamba, na juu kabisa anafunika kwa barafu. Wiki yake ya kwanza alikuja kunieleza, tena faragha ili nisiaibike. Nikamwambia ajifunze kwanza kupika, ndipo aje anifundishe kupoza.

Mariamu akaangua kilio pale pale, akasema yote, ya ndoo na ya vitambaa. Nilimngoja Rehema anifukuze. Angenifukuza ningeshukuru, ningepata wa kumkasirikia. Hakunifukuza. Alifuta alama za zamani mlangoni, akanipa chaki, akaniambia niandike zile za kweli kwa mkono wangu. Nikasimama mbele ya wanawake niliowafundisha jinsi mtu anavyotakiwa kukaa na wenzake, nikaandika weusi wangu mmoja mmoja.

Sasa tunapakia kama alivyokuwa anapakia Hadija, na kamba wanafika salama. Kambi haihami. Watu wamefurahi, wameanza hata kumwita Rehema somo. Mimi naitikiwa salamu kama kawaida, lakini nikiingia maneno yanapungua. Mariamu hanitazami usoni. Nilimfunda asiseme uongo, kisha nikamfanya aseme, kwa macho tu.

Fanya hivi. Waite wale wazee wa kijana, waje kwako. Mwite na Hadija, mkeke wake uwe mbele, si nyuma ya mlango. Barua aisome Saidi, ana sauti ya kusikika. Asome yote. Nakujua wewe, una huruma ya kijinga, utamkonyeza aruke pale niliponyamaza, au pale nilipompa mgongo, ili nionekane nilikosea tu kama watu wengine wanavyokosea. Asiruke. Kukosea kupakia barafu ni ujinga, na ujinga unafundishika. Kumtwika mtoto wa watu kosa langu ni jambo jingine, na wazee hao walisikie kwa jina lake, kusingizia. Wakitaka kuuliza, waniulize mimi, boti zipo. Wakishasikia, watakuwa hawana sababu. Wakiendelea kukataa, basi walikuwa wanatafuta njia ya kutokea, na Hadija ashukuru.

Hapa Saidi amgeukie Hadija. Hadija, nilikusingizia. Ulikuja kuniaga kwa adabu nikakutazama kama kuku aliyeingia ndani. Nakuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa nilikuharibia jina mbele ya watu. Meza yako ipo, Rehema ameitoa chini yangu na hajampa mtu, anasema wakati wowote. Ukija, mimi nitakaa kwenye meza hiyo, na utaniambia pa kuweka barafu. Usipokuja, una haki, na Mwajuma hapo asikubembeleze kwa ajili yangu.

Mwajuma, nisalimie shemeji Athumani mume wako, umwambie hajanijibu tangu mfungo. Nisalimie mjomba Ngwele anayetuombea dua, safari hii aniombee mimi kwanza. Pili mpe kanga niliyoiacha sandukuni, ile ya kijani. Kaka yetu wa Ikwiriri akipita, mweleze wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, atapiga kelele, mwache apige.

Nimekaa siku tatu natafuta namna ya kuandika haya huku nikibaki mtu mkubwa. Sikuiona. Someni hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako,
Siwema binti Mbonde