Menyu ya Mwalimu Kalisti

Kibaoni, Ifakara
Jumapili mchana, mwezi wa sita

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Baridi ya Njombe inasemaje? Nimesikia mwaka huu imewahi, hadi mboga za bondeni zimeungua. Goti lako bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na mwanangu Neema anakusikiliza, au ameshagundua kwamba bibi hachapi? Mwambie picha aliyonichorea niliipata. Yule mtu mwenye mikono mirefu mpaka chini nimeelewa kuwa ni mimi.

Mwili wangu mzima. Malaria ilinilaza kidogo mwezi uliopita, ikapita. Ila moyo umechoka, Mama, na ndiyo sababu ya kukaa kimya muda wote huu. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Nimesubiri hasira iishe, nimeona haiishi, basi naandika nayo hivyohivyo.

Unakumbuka nilikueleza chuo chetu kimepata kompyuta. Miaka yote nilikuwa nafundisha taipu tu, kisha Mwalimu Kalisti, mwenye chuo, akapata kompyuta tano kwa marafiki zake wa Ulaya, nami nikapelekwa Dar es Salaam kujifunza ili nije nifundishe. Huyu Kalisti si mtu mbaya. Nakuambia mapema kwa sababu huko mbele utamchukia.

Nikueleze kidogo ili upate picha. Ukiwasha kompyuta, chini kabisa kwenye kioo, pembe ya kushoto, kuna kitufe kidogo kimeandikwa Start. Ukikibonyeza inatokea orodha, wanaiita menyu, na humo unachagua unachotaka: kuandika barua, kupiga hesabu, kuzima mashine. Kompyuta zote za siku hizi zinakuja hivyo kutoka kiwandani. Asiyekijua kitufe hicho atakaa aitazame tu, nayo inamtazama.

Sasa mwaka jana alikuja mgeni mmoja wa Mwalimu Kalisti, akamwachia disketi zenye programu ya watu wengine kabisa, si wale waliotengeneza kompyuta. Ukiiweka, inaficha kile kitufe cha Start na menyu yake, inaleta menyu yake yenyewe: mapicha makubwa katikati ya kioo, na chini ya kila picha unaandika jina unalotaka wewe. Mwalimu Kalisti alifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Yeye na mkewe, Mama Devota, walikaa wiki nzima wakitafuta maneno. Andika Barua. Piga Hesabu. Toa Kwenye Karatasi. Nimemaliza, Zima. Akaiweka kwenye mashine zote tano.

Na mimi nilipenda, Mama. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima wa mpunga, wametoka darasa la saba, Kiingereza kwao ni mtihani. Walikuwa wanaogopa hata kugusa. Ilipokuja menyu ya Kiswahili wakachangamka, wakawa wanaandika barua mpaka umeme unakatika na wao hawataki kutoka. Nilimwambia mwalimu mara mbili tatu, "Lakini huko maofisini watakuta ile nyingine." Akajibu, "Wakishajua hii, ile ni kitu kidogo." Menyu ile nyingine akakataa isionyeshwe kabisa, eti itawachanganya.

Aliyekuwa wa kwanza kuitwa kwenye usaili ni Pelagia, binti wa kijiji cha Michenga, msichana mpole mwenye mwandiko mzuri na vidole vyepesi kuliko vyangu. Ofisi moja ya Morogoro ilitaka mpiga chapa anayejua kompyuta. Nilimsuka nywele mwenyewe. Akapanda basi alfajiri, sisi huku tunamwombea, Wakatoliki kwa rozari na mimi Mlutheri kwa maneno yangu.

Aliporudi hakwenda kwao. Alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye ngazi na vumbi lake.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Walinikalisha mbele ya kompyuta, wakasema niandike barua fupi ya kuomba ruhusa. Nikatafuta Andika Barua. Haipo. Nikatafuta picha ya bahasha. Haipo. Nikawaambia, samahani, hii kompyuta haijawekwa menyu."

"Halafu?"

"Wakatazamana, wakacheka. Mama mmoja akashika cheti changu, akasema, 'Binti, hiki ulipewa au uliokota?'"

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alifungua mfuko, akanipa cheti, akasema, "Kaa nacho, mwalimu," akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nikamfuata Mwalimu Kalisti ofisini. Nilikwenda kwa adabu, Mama, usidhani nilianza kwa kelele. Nikamweleza yote. Nikasema tuiondoe ile menyu, au angalau tufundishe zote mbili.

"Madam Tumaini," akasema, "wewe ulikuwepo. Uliona walivyokuwa wanatetemeka. Nani aliwafumbua macho?"

"Ni menyu yako. Sikatai."

"Basi kwa sababu mtu mmoja ameshindwa, wote turudi nyuma kwenye Kiingereza cha watu?"

"Si mmoja, mwalimu. Ni wa kwanza."

Akakasirika. Akasema nimesomeshwa Dar es Salaam nikarudi na kasumba, kwamba nataka watoto wa huku Kilombero wapige magoti mbele ya lugha ya wengine. Mimi! Ambaye hata kusali kwa Kiingereza siwezi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo najua utatikisa kichwa ukisomewa. Mchana, wanafunzi walipokwenda kula, nilikaa kwenye mashine moja nikajaribu kuiondoa ile programu mwenyewe. Nilifuta nilichodhani ndicho. Nikazima, nikawasha. Kioo kikaja cha rangi moja, kitupu kama ukuta. Menyu ya Kalisti haipo, na ile ya kiwandani pia haipo. Hata kuzima nikashindwa, nikachomoa waya. Jasho lililonitoka si la joto la huku, ingawa na joto lenyewe unalijua nilivyokuandikia.

Alipokuta mashine ile akasema mbele ya darasa zima, "Madam wenu ameniulia kompyuta." Wanafunzi wakainama. Baada ya siku kadhaa aliirudisha kwa zile disketi zake, kisha akaiwekea menyu neno la siri kwenye kila mashine, ili asiiguse mtu isipokuwa yeye. Nikawa naingia darasani kufundisha kitu ambacho najua kitawaaibisha, na aliyekifunga ni mtu anayeamini anawapenda. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningekuwa nagombana na mwizi ningejua pa kumshika.

Wiki ile Baba Pelagia akaja. Alikuja kwa baiskeli kutoka Michenga, matope mpaka magotini, maana mashamba ya kule yalikuwa bado na maji. Nilikuwa ofisini na Mwalimu Kalisti tukigawana chaki bila kusemeshana. Mzee akabisha hodi, akakataa kiti.

"Mwalimu Mkuu, sikuja kugombana," akasema. "Nauliza tu. Mwanangu alisoma au hakusoma?"

"Alisoma, mzee wangu. Tena alikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza wa hapa."

"Ndiyo."

"Sasa mimi sikumleta ajue kompyuta za hapa. Za hapa zina mwenyewe. Nilimleta ajue za watu, akaombe kazi kwa watu." Akavua kofia, akaiweka mezani. "Amerudi shambani, hasemi na mtu. Mama yake anadhani amepata ujauzito. Ningekuwa najua kompyuta ningemfundisha mwenyewe, lakini sijui, ndiyo maana niliwaletea nyie."

Akachukua kofia yake akaondoka. Mwalimu Kalisti alibaki ameshika kisanduku cha chaki. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, lakini nilipomtazama usoni nikayameza.

Siku mbili hakuja chuoni. Aliporudi akaketi kwenye mashine ya kwanza, akaandika neno lake la siri, akaiondoa menyu yake. Akaenda ya pili, akaondoa. Ya tatu. Kila alipomaliza moja kile kitufe kidogo kilirudi kwenye pembe yake kama hakijawahi kuondoka. Mbili akaziacha na Kiswahili, kwa wanaoanza. Mama Devota alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akasema, "Ile 'Nimemaliza, Zima' niliitunga mimi," kisha akaenda jikoni.

Mwalimu Kalisti hakuniomba radhi. Aliniambia tu, "Siku moja wenyewe waliotengeneza kompyuta wataiandika menyu yao kwa Kiswahili. Utaona." Nikamjibu kwamba siku hiyo nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Hatujapatana sana. Tunasalimiana.

Nilidhani yamekwisha, kumbe Pelagia hataki kurudi. Nilituma salamu mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mwisho nikakodi baiskeli, nikapakizwa nyuma mpaka Michenga, mgongo unaniuma mpaka leo. Nikamkuta shambani kwao akiwinga ndege kwenye mpunga uliokaribia kuvunwa, anapiga debe na kupaza sauti. Huko hasemi na mtu, lakini kwa ndege alikuwa na sauti, Mama! Akaniona, akashusha debe.

Nikamwambia menyu imeondolewa kwenye mashine tatu. Nikamwambia nimemtengea moja, aje nimwonyeshe pa kubonyeza, haitachukua hata asubuhi moja.

"Ndivyo nilivyofundishwa, mwalimu," akasema. "Bonyeza hapa, bonyeza pale. Na ofisi nyingine nao wakiwa wameweka ya kwao?"

Ndege wakarudi kwenye mpunga, akawafukuza, kisha akaniambia bila kunitazama, "Nitakuja Jumatatu. Lakini wewe usiseme kitu. Ukisema narudi nyumbani."

Jumatatu akaja. Akaketi mbele ya kioo kisicho na yale mapicha, mimi nikakaa nyuma yake na ulimi wangu nimeubana kwa meno. Hujui ilivyo kazi, Mama, mtu kama mimi kunyamaza. Akazungusha ile wanayoiita panya huku na huku. Akakiona kitufe, akakipita, akarudi, akakibonyeza. Menyu ikapanda. Akaingia kusikostahili, akakuta mchezo wa karata, akautoka. Akaingia kwingine, akakuta kikokotoo, akakitoka. Kidole changu kilikuwa kinajinyanyua chenyewe. Pembeni wanafunzi wengine wameacha kazi zao. Alipofika kwenye karatasi nyeupe ya kuandikia, hakugeuka kunitazama. Akaanza kupiga herufi hapohapo, kwa ile kasi yake.

Nikadhani anajaribu jina lake. Nikainama nisome. Ilikuwa barua kwa ofisi ileile ya Morogoro. Anawaomba wamwite tena. Mwishoni ameandika kwamba cheti chake hakukiokota, na kwamba safari hii kompyuta ikiwa imewekwa menyu yoyote, atakaa nayo mpaka aielewe.

Nikamwambia sentensi hiyo aiondoe, wataona ni jeuri.

Akasema, "Hapana, mwalimu. Hiyo ndiyo barua yenyewe."

Imepelekwa posta Ijumaa. Jibu hakuna bado.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, nisalimie shangazi mwenye duka, na mwambie mchungaji wetu kwamba huku naimba kwaya ya Wakatoliki na hawajanifukuza. Neema mpige busu kwenye paji la uso, kisha umwambie apige mswaki. Barua hii anakuletea jirani yangu Mama Tuli, anashuka kwenye treni Makambako kisha atapanda basi kuja huko. Mpe chai ya moto, hajawahi kuiona baridi.

Anayekukumbuka kila jua linapokuwa kali,
binti yako,
Tumaini