Jagi la Mudathir

Jumatatu, 8 Julai 2024

Tumelazwa. Yaani kalazwa Mudathir, lakini mtoto akiwa kitandani na mama kalazwa. Mafua yaliyoanza kule Mikumi kama mchezo yamemshukia kifuani. Virusi, wanasema. Kakohoa njia nzima mpaka Kilosa, na bado anapendeza.

Sista Scholastica, nesi wa wodi, kamuuliza anafanya kazi gani. Nikajibu mimi: anaendesha watalii mbugani, Wazungu wanamwita kwa jina, anamwona simba kabla simba hajamwona yeye.

"Mama, nimemuuliza mgonjwa."

Mgonjwa anahema, atajibuje?

Mkwe wangu Mwanvua kaleta uji. Mwepesi mno. Sijasema kitu. Nimesema kidogo.

Jumanne, 9 Julai

Damu imepimwa – figo zimeumia. Nilikaa chini. Daktari Deogratias, kijana mdogo, ndevu zake bado hazijakubaliana, kanieleza taratibu: kirusi kikimbana mtu hivi, na homa, na maji yakipungua mwilini, figo nazo zinaweza kushtuka. Na vile vidonge vya maumivu alivyokuwa anavimeza Mudathir huko Mikumi ili asikose safari vimezidisha. Zinaweza kupona, kasema, ila lazima zifuatiliwe.

Nikamwambia figo za ukoo wetu hazina tabia hiyo. Babu yake kakata mkonge maisha yake yote, kwa maji ya kisima.

"Sawa mama. Tutazifuatilia hizo hizo za ukoo."

Wameleta jagi la plastiki lenye mistari, la kukojolea. Maelezo kapewa Mwanvua. Mimi nilikuwa namsimulia Nailantei habari za watalii. Huyo ni mama wa Kimasai anayemuuguza mumewe, mzee Koinet, kitanda cha pili. Na wao wana jagi lao, limewekwa wazi kabisa, kama maziwa ya kuuza. La kwetu nimelifunika kanga. Ile mpya.

Mwanvua karudi nyumbani kwa watoto.

Jumatano, 10 Julai

Wageni wa kutoka Chanzuru walikuwa waje leo, akina Magreth wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Wakute mkojo wa mwanangu chini ya kitanda? Baba wa watoto wawili? Nimekwenda kumwaga asubuhi, nikalisugua jagi kwa sabuni mpaka likang'aa. Mchana hivyo hivyo. Jioni hivyo hivyo. Kila nikimwaga nimegeuza uso – mama haangalii mambo ya mtoto mkubwa. Na wageni wenyewe hawakuja, wameahirisha mpaka kesho.

Sista kapita na kalamu yake. Kwa mzee Koinet: "Hongera mzee, unajitahidi." Kwetu kainama, kafunua kanga.

"Mama, hakuna kitu humu?"

"Hakuna kitu kabisa, sista," nikasema, nimejivuna kabisa.

Akanitazama sana. Nikajua kaona usafi.

Alhamisi, 11 Julai

Leo sitaki hata kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Daktari kaja na sura ya msiba. Mgonjwa hajatoa mkojo tangu jana, figo huenda zimegoma kabisa. Ikiendelea hivi, gari la wagonjwa, Dodoma, mashine ya kusafisha damu. Mwanvua, aliyerudi asubuhi, akaanza kulia. Mudathir mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza: "Mbona nimekojoa?"

Wote wakanigeukia. Hata mzee Koinet.

Nikasema nimemwaga. Nimemwaga wote.

"Ulikuwa kiasi gani, mama?" daktari akauliza.

"Sijui, mwanangu. Niligeuza uso."

Akajifunika mdomo kwa faili. Sista hakujifunika. Mwanvua: "Mama, si nilikwambia wanapima?" Labda aliniambia. Nilikuwa bado na watalii.

Kwa hiyo hakuna anayejua. Labda ulikuwa mwingi, labda matone. Wamechukua damu nyingine, na jagi tunaanza upya. Jioni daktari anaamua kama ni Dodoma.

Kanga nimeitoa. Akina Magreth wamefika, nikawaonyesha jagi mimi mwenyewe, nikawaeleza mistari, mmoja mmoja. Mudathir kaziba uso kwa shuka. "Mama, naomba wageni watoke." Wamesogea mlangoni tu.

Anakunywa maji. Anakunywa tena. Nailantei kasema mume wake jana alijaza mpaka mstari wa juu. Nikamwambia mwanangu alikuwa wa kwanza darasani, asubiri tu.

Sasa hivi kaomba jagi. Mwanvua kavuta pazia. Wodi nzima kimya, mpaka wanaokohoa wamejizuia.

"Taratibu, kijana," mzee Koinet kasema, "si mashindano."

"Ni mashindano," kasema mkewe.

Nimegeukia ukuta, ndiyo maana naandika. Masikio yapo huko huko. Bado. Bado kimya. Mwanvua anasema, "Mume wangu, usiwafikirie."

Likitoka hilo jagi, naangalia.