Kaburi Lako la Parys

Ghorofa ya Sita,
Joubert Park,
Johannesburg.

14 Julai 2020

Mpendwa Mama Mwantumu,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nikisema mzima safari hii nina maana yangu, utaielewa huko mbele. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Mihogo ya kukaanga inatoka? Tunasikia huko kwenu mnakwenda sokoni na msikitini kama kawaida, mshukuruni Mungu. Huku bado tumefungiwa, na baridi ya mwaka huu imeingia mpaka ndani ya kuta.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako Ummi anakusalimia. Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu anajibu Kizulu, na ukimkaripia ndiyo anahamia Kiingereza. Somo wako, Mwantumu mdogo, ananyonya vizuri. Amechukua paji lako la uso, na nadhani hasira zako pia, maana akitaka ziwa hangoji mtu amalize sentensi. Mimi arobaini yangu haijaisha. Usingizi nimeusahau sura yake.

Barua hii nampa Jumbe, yule dereva wa lori, kijana wa Pongwe, akukabidhi mkononi. Kwenye simu sikutaka. Mwanao Bakiri anashikashika simu yangu, na mambo yenyewe ni marefu. Halafu najua nilikutisha. Siku ile nilikupigia mchana, nikakusikia unasema, "Haloo, nani mwenzangu?" nikaangua kilio mpaka ukauliza mtoto ana nini. Nikakujibu nimekukumbuka tu. Haikuwa hivyo, mama. Nililia kwa sababu nilikuwa nimetoka kuambiwa umekufa.

Kaa vizuri nikueleze.

Mwanao amepata mchezo, na mchezo wenyewe ni kuvua samaki. Aliyemfundisha ni Lambert, Mkongo mmoja mlinzi wa jengo la mbele yetu, mwenye gari. Kabla ya ugonjwa walikuwa wanakwenda Jumapili kwenye mabwawa ya huku karibu. Usidhani ni kuvua kama kwa huko Tanga. Huku chambo ni ugali. Unasongwa mgumu, unakandwa na kastadi na vanila, na rangi ya stroberi wakiipata, kisha wanafinyanga vidonge. Samaki wa huku wanapenda vitamu kama watoto. Mwanzoni nilicheka, nikasema bora huko kuliko baa.

Ugonjwa ulipoingia wakafunga kila kitu, na kuvua nako kukapigwa marufuku. Mwezi wa sita wakalegeza, mtu akaruhusiwa kuvua, lakini ndani ya jimbo lake tu. Kuvuka kwenda jimbo jingine ni mpaka upate kibali, na kibali ni cha kazi au cha mazishi. Barabarani wamejaa polisi na wanajeshi.

Hilo la kibali nilikuwa nalijua vizuri kwa sababu yake mwenyewe. Nilipokaribia kujifungua nilimwomba afanye kila njia mama yangu mdogo aje kutoka Durban, anikande na kuniogesha, nisilale arobaini kama mtu asiye na kwao. Unajua aliniambia nini? "Fauzia, sheria ni sheria. Hapa havuki mtu mpaka afe mtu." Aliyenikanda ni Thérèse, Mkongo msusi wa ghorofa ya nne, kwa maji ya moto na nyimbo za kanisani kwao. Mungu amlipe. Mkono wake mzito, lakini ulikuwepo.

Basi, Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi huu Bakiri akaamka alfajiri, akaniambia Lambert amempatia kibarua cha ulinzi cha kutwa. Nikafurahi. Nilimfungia mkate, nikamjazia chai kwenye chupa, nikamwombea dua mlangoni na mtoto nimempakata. Dua hiyo nataka nirudishiwe.

Saa za mchana Thérèse akapanda mbio, mtandio begani, macho mekundu.

"Mama Ummi, ikala kwanza."

"Kuna nini?"

"Ikala, mama. Mama ya Bakiri alishakufa."

Sikumbuki nilivyokaa. Ninachokumbuka ni kwamba nilimshika Mwantumu kwa nguvu mpaka akalia, maana jina ni lile lile, na akili yangu haikutaka kutofautisha. Thérèse akasema habari imetoka kwa Jumbe, ameituma kwa sauti yake kwenye kundi la Watanzania, na Bakiri ameonekana njiani akienda kuzika. Kuzika wapi, sikuuliza. Mkono wangu ukachukua simu wenyewe ukakupigia. Nadhani nilitaka kumsikia yeyote atakayepokea pale nyumbani. Ukapokea wewe.

Nilipomaliza kulia nikampigia Jumbe. Kumbe alikuwa anarudi na lori kutoka Cape Town, akasimamishwa kwenye kizuizi karibu na daraja la mto Vaal. Mto ule ndio mpaka. Huku ni kwetu, ng'ambo ni Free State, na mji unaoitwa Parys uko ng'ambo hiyo. Upande wa pili wa barabara akaiona kofia ya kwetu ndani ya gari dogo, akavuka kusalimia. Mwanajeshi akamzuia kwa mkono: mwache huyu, kafiwa na mama yake. Jumbe akachungulia, akamwona Bakiri ameinamisha kichwa, akampa pole pale pale. Naye akaipokea. Akasema ulikuja Parys kwa binti yako kabla mipaka haijafungwa, kisha akaongeza, "Usimwambie Fauzia, bado yuko arobaini." Jumbe akatii. Mimi hakuniambia. Aliwaambia Watanzania wote wa Johannesburg.

Hata hapo, mama, nilikuwa bado nafikiri kuna makosa, labda Bakiri naye amedanganywa na mtu. Nilikwenda jikoni kumpikia Ummi uji. Nikafungua kabati. Mfuko wa sembe haupo. Kastadi ya Ummi haipo. Kichupa cha vanila nacho hakipo. Nikaenda nyuma ya kabati la nguo zinapokaa fimbo zake za kuvulia. Ukuta mtupu.

Nikakaa juu ya ndoo ya nepi nikaelewa kila kitu.

Baadaye aliniambia mwenyewe yaliyobaki. Lambert alimjaza maneno kwamba samaki wakubwa wote wamehamia ng'ambo kwa kuwa hakuna wa kuwasumbua. Wakaenda kituoni wakaapa kwamba kuna mazishi Parys. Mama yake Lambert alikufa zamani, akaona si vizuri kumuua mara ya pili. Ndiyo wakakuchagua wewe. Lambert akasema yeye ni mkwe wako, kamuoa binti yako. Hongera, una mkwe Mkongo. Na umefia Parys, mama, wewe ambaye hata Mombasa hujafika.

Watu wakaanza kuja. Hapa ndipo ninapotaka unielewe. Ningeweza kusimama mlangoni nikasema maneno mawili, mama mzima, wote wakageuka. Sikuyasema. Nilimlaza mtoto, nikaondoa viti, nikatandika mikeka.

Walikuja wachache wachache, barakoa usoni, wanaume sebuleni na kwenye korido, wanawake chumbani kwangu. Watu wenyewe hawana kazi tangu mwezi wa tatu. Mmoja kaja na sukari kidogo kaifunga kwenye mfuko, mwingine majani ya chai, Jumbe kaleta mchele kilo kadhaa akitoka moja kwa moja barabarani. Wakamsomea Yasini mtu ambaye saa ile alikuwa anakaanga mihogo. Kila nikitazama ule mchele hasira inanipanda upya, na kila ikipanda nasogeza mkeka mwingine.

Simu ya Bakiri ilikuwa imezimwa kutwa. Eti wanazima samaki wasishtuke.

Akarudi jioni, giza linaingia. Nilimsikia kwenye ngazi anapiga mluzi. Mluzi ukakatika alipofika kwenye viatu. Vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka kwa jirani. Akaingia na fimbo zake zimeviringishwa kwenye shuka, suruali ina tope mpaka magotini, na watu wazima wakasimama wote kumpokea.

"Pole sana, Bakiri. Uliwahi kumwona?"

Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba. Akanitazama. Nikamtazama.

"Niliwahi," akasema.

"Aliugua sana?"

"Kidogo. Kifua."

"Kaburini mliingia wangapi?"

"Mimi na… mimi na shemeji."

"Na hilo tope ni la kaburi," mzee mmoja akasema, akamshika bega bila kujali korona. "Usilifute haraka, mwanangu."

Mama, nilimwacha. Nilimwacha ajibu kila swali. Alikuwa ananukia vanila. Alikaa katikati ya mkeka, wakaomba dua, na ilipofika pale pa kumtaja marehemu, wakataja: Mwantumu. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Mtoto alikuwa mikononi mwangu ananyonya, na watu wazuri wanalitaja jina lake wakiliombea kaburi. Hapo ndipo roho yangu ilipofunga mlango. Nilitoka nikapita katikati ya wanaume, jambo ambalo ungenikaripia, nikamwekea Bakiri mtoto mapajani.

Nikamwambia, "Mshike Mwantumu. Mikono yangu imechoka."

Akalia. Baba mtu akalia kweli, mabega yanaruka, na Jumbe akawaambia wenzake wamwache alie, mtoto mwema huyu anamlilia mama.

Walipoondoka nikamweleza kwamba nimeongea nawe mchana, kifua hakijambo, unamsalimu. Akakaa chini. Nikamuuliza samaki wako wapi, maana mfuko ulikuwa mtupu.

"Tuliwarudisha."

"Mliwarudisha wapi?"

"Mtoni. Ndiyo mchezo wenyewe, Fauzia. Unamvua, unapiga naye picha, unamwachia."

Akanionyesha picha, na akili yake yote. Samaki mkubwa, sina haja ya kumpunguza, mnene kama mtoto wa miezi sita. Bakiri amempakata kwa mikono miwili, na amemfunga kwa taulo ya Mwantumu, asimchubue magamba. Taulo niliyoitafuta asubuhi nzima. Kwa hiyo ujue, mama, hukufa hata kwa kitoweo.

Nimefanya niliyoweza kwa mwanamke ambaye hajatoka arobaini. Asubuhi yake nilimbebesha sukari, majani na mchele, akazunguka mlango hadi mlango akirudisha na kusema kwa mdomo wake kwamba mama yake hajafa. Wengine walimfungia mlango. Yule mzee wa tope aliipokea sukari yake, na mpaka leo wakikutana kwenye ngazi anapita kama anapita ukuta. Mimi nami nilishuka nikawaomba radhi wale niliowatandikia mikeka. Jumbe hakumtukana. Alisema tu, "Bwana, umenifanya nilie kwenye usukani," na hilo lilimkaa vibaya kuliko tusi.

Analala sebuleni, juu ya mikeka ile ile ya matanga yako. Fimbo zake nimezitoa nje ya kibaraza, nimezifunga kwenye vyuma, naanikia nepi. Nyuzi zile hazikatiki, na upepo wa Joubert Park hauzishindi. Akipita chini barabarani anazitazama. Lambert naye akipita anainamisha kichwa, na Thérèse akiwa dirishani kwake anamuuliza kwa sauti mama mkwe wake hajambo.

Sasa lililobaki ni lako. Tangu siku ile hajathubutu kukupigia. Anasema hajui aanze vipi. Lakini Idi inakuja, na Idi hajawahi kuiacha ipite bila kukuomba radhi, na bila radhi yako huwa hali akashiba. Najua atapiga asubuhi akitoka kuswali. Nakuomba usipokee. Atapiga tena mchana. Usipokee. Mpe simu wifi Zaina aifungie kabatini kama moyo utakuwa unakuuma. Nataka asikie inaita mpaka inakatika, mara nyingi, ajue yule aliyemwapia kifo akinyamaza kweli kunakuwaje. Mimi nilikujua umekufa kwa muda wa kupiga namba tu, mama, na muda huo sitausahau.

Jioni pokea. Kabla hajakusalimu, muulize: "Bakiri, kaburi langu liko wapi?" Halafu usiseme kitu. Ngoja ajibu.

Msalimie wifi Zaina na wanawe, baba mdogo Shekue, na Bi Mishi wa mlango wa pili, mwambie kanga yake ndiyo ninayombebea mtoto. Mpe Jumbe chai na mihogo, amekulilia sana. Thérèse anasema siku moja akifika Tanga atakuja kukugusa ahakikishe.

Mungu akupe maisha marefu, akuweke mpaka somo wako aje akuamkie mwenyewe kwa Kiswahili, si kwa Kizulu.

Ni mimi mkazamwana wako, nikupendaye ungali hai,

Fauzia

Nimesahau. Akilia siku hiyo ya Idi, mpe radhi yako, ni mwanao. Ya kwangu ataisubiri. Akianza kukueleza ukubwa wa yule samaki, kata simu.