Noraogo Kacheka Macho Wazi

Ouahigouya,
12 Machi 1997

Mpendwa binamu Salif,

Pokea salamu zangu, mimi kaka yako, mtu mashuhuri wa mji huu. Hujambo? Kile kifua kimekuachia? Shemeji na watoto wanaonaje Abidjan? Sisi tungali tunapumua, ila furaha imetuhama.

Rasmata, mke wa rafiki yetu Noraogo, tumemzika Ijumaa. Homa tu, ndugu yangu. Pole sana.

Nilitimiza wajibu wa mtani. Unatujua Wasamo, msibani kwa watani wetu Wamosi, kama Noraogo, hatulii, tunachekesha. Nilijifunga kitenge cha marehemu, nikashika mwiko, nikamgombeza Noraogo kwa sauti ya Rasmata mwenyewe: "We mwanamume, hayo matope unampelekea nani ndani?" Watu walianguka kwa kicheko! Nimefika Lome, nimefika Dakar, wa kunifikia sijamwona. Noraogo akacheka kuliko wote.

Lakini Noraogo akicheka, macho hujifumba kwanza, mdomo hufuata. Nimekula naye bakuli moja tangu utotoni, namjua. Siku ile mdomo ulicheka, macho yakabaki wazi, yakitazama mlango wa jiko.

Nikamvuta kando kaka yake, Kouka. "Msimwache peke yake. Huyu hajapoa."

"Toka hapa, Msamo mla mbwa! Hukumwona anavyocheka?"

"Kouka, sitanii."

"Mtani hatanii? Basi leo mbuzi kazaa kuku!"

Kouka na nduguze wakacheka upya, wakarudi vijijini kwao. Neno langu moja la kweli, nalo wakalihesabu utani.

Tangu hapo ugali wa mtama ninaompelekea naukuta umekauka, haukuguswa.

Jana nikamchokoza kama siku zote: "Mtumwa wangu, inuka unichotee maji!" Nikangoja tusi, hata dogo. Akainuka, akaniletea maji kwa mikono miwili. "Pokea, kaka," akasema.

Salif, kwa mwili wangu huu wote, nililia barabarani.

Njoo. Mama yako ni Mmosi, hao ni wajomba zako, huna utani nao. Ukimwambia Kouka amchukue nduguye akae naye, atakusikia. Mimi nikisema, wanashika mbavu.

Shangazi Sali anakusalimu, na Lassina pia. Nisalimie shemeji Aminata.

Mungu akufungulie njia, ufike Noraogo angali anajibu akiitwa.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ninayekungoja,
Boureima Toé